Rudolf Diesel: Jina lake limo katika kila tanki la lori, mwenyewe alikufa na madeni

Kila alfajiri, kabla geti la mpaka halijafunguliwa Tunduma, Namanga, Rusumo, Malaba au Kasumbalesa, foleni ya malori huamka kwa mngurumo mmoja. Lipo lililobeba saruji, lipo la mahindi, lipo la shaba inayoteremka bandarini na lipo la makontena yanayopanda kutoka pwani. Shehena ni tofauti na namba za magari ni za nchi tofauti, lakini yote yanakunywa kitu kimoja: dizeli.

Neno hilo madereva na utingo hulitamka mara nyingi kwa siku. Hata hivyo, si wengi wanaofahamu kwamba dizeli kwanza lilikuwa jina la ukoo. Ni jina la fundi mmoja wa Kijerumani aliyeanza kuiwazia injini yake akiwa bado mwanafunzi, akaishuhudia ikishinda mvuke, akapata mamilioni, kisha akapotea baharini usiku mmoja akiwa hana fedha. Leo vijana wa vyuo vya uhandisi katika nchi nyingi wanachukua magari makuukuu na kuyafanya yatembee kwa mafuta ya mimea. Wanarudia jambo ambalo injini ya mtu huyu ililionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mtoto wa fundi wa vitabu

Rudolf Diesel alizaliwa tarehe 18 Machi 1858 mjini Paris, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu aliyegeukia kazi ya kutengeneza bidhaa za ngozi. Familia haikuwa na uwezo mkubwa, na watoto walisaidia kazi za karakana.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Ujerumani. Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris walilazimika kuondoka, na familia ya Diesel ikakimbilia London. Maisha huko yalikuwa magumu. Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa peke yake mjini Augsburg kukaa na ndugu wa familia, Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hesabu.

Safari hiyo ya mtoto mkimbizi ndiyo iliyofungua njia. Augsburg ulikuwa mji wa viwanda, na Rudolf akaingia shule ya ufundi, ambako alifaulu kwa alama za juu kabisa. Katika shule za aina hiyo wakati ule kilikuwapo kifaa kidogo cha kioo, mfano wa pampu, ambacho ukikisukuma kwa nguvu hewa ya ndani hubanwa na kupata moto kiasi cha kuwasha kipande kidogo cha utambi. Mtu yeyote aliyejaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jambo hilo, maana pampu hupata joto mkononi. Hewa ikibanwa huzaa joto, na juu ya ukweli huo mdogo injini nzima ya dizeli imejengwa.

Wazo la mwanafunzi

Mwaka 1875 Diesel alipata msaada wa masomo na kujiunga na chuo cha ufundi cha Munich. Mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za baridi ambaye kazi yake ilikuja kusaidia kuanzisha viwanda vya barafu. Katika mihadhara yake Linde alieleza jinsi injini ya mvuke inavyopoteza nishati. Makaa ya mawe yaliyotiwa tanurini yalitoa joto jingi, lakini sehemu kubwa, kiasi cha sehemu 9 katika 10, iliishia kwenye moshi na mvuke bila kufanya kazi.

Kwa msafirishaji wa leo hesabu hiyo haihitaji maelezo. Ni sawa na kununua lita 100 sheli, ukaona 90 zinamwagika chini kabla gari halijaondoka.

Kijana Diesel aliandika pembeni ya daftari lake kwamba jambo hilo lazima lichunguzwe. Je, haiwezekani kutengeneza injini inayogeuza joto kuwa kazi bila upotevu wa namna ile? Swali hilo hakuliacha tena. Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo na kukosa mtihani wa mwisho, akatumia muda wa kusubiri kufanya kazi katika kiwanda cha Sulzer huko Winterthur, Uswisi. Mwanzoni mwa 1880 alifanya mtihani wake na kufaulu kwa matokeo bora sana.

Baada ya masomo alirudi Paris kufanya kazi ya mitambo ya barafu ya mwalimu wake Linde. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu. Mchana alihudumia mitambo ya barafu na muda wa ziada aliutumia kwa injini. Kwanza alijaribu injini ya kutumia mvuke wa amonia badala ya mvuke wa maji, lakini kazi ile haikuzaa matunda. Mwaka 1890 alihamia Berlin, na huko akarudi kwenye somo la zamani, la hewa iliyobanwa.

Injini isiyo na plagi

Katika injini ya petroli hewa na mafuta huchanganywa kwanza, kisha cheche ya plagi huwasha mchanganyiko huo. Diesel aliigeuza kazi hiyo. Katika injini yake pistoni hubana hewa tupu hadi inapata joto la zaidi ya nyuzi 500. Ndipo mafuta yanapoingizwa, na yanawaka yenyewe kwa kukutana na hewa ile ya moto. Kwa hiyo plagi haihitajiki. Kwa kuwa hakuna mafuta ndani wakati wa kubana, hewa inaweza kubanwa sana bila mlipuko wa mapema, na ndiyo sababu injini hutoa kazi nyingi zaidi kwa mafuta yale yale.

Alipeleka maombi ya hataza mwaka 1892 na kuipata mwaka 1893. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo cha kueleza nadharia yake na kukisambaza kwa wataalamu na wenye viwanda. Heinrich von Buz, mkuu wa kiwanda cha mashine cha Augsburg, kampuni ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama MAN, alikubali kumpa karakana na mafundi. Kampuni ya Krupp nayo ikaingia na fedha.

Tarehe 10 Agosti 1893 injini ya kwanza ilijaribiwa. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa nguvu ya kutisha, na kipimo cha mgandamizo kililipuka na kurusha vipande. Hakuna aliyekufa. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mwisho wa mradi, lakini Diesel aliona kwamba jambo kuu limethibitika, kwani mafuta yamewaka bila cheche.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa kiasi cha dakika moja. Ilichukua miaka mitatu mingine ya kubadilisha silinda, valvu na njia ya kupulizia mafuta kabla haijawa mashine ya kuuzwa. Mwezi Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi. Injini ilitumia mafuta ya taa na ilitoa nguvu farasi kati ya 17 na 20. Katika kila sehemu 100 za joto la mafuta, 26 ziligeuka kuwa kazi. Mashine nyingi za mvuke za wakati ule zilifikia 10 kwa shida. Injini za malori makubwa ya leo hupita 40, lakini njia zinayofuata ni ile ile.

Fedha nyingi, maadui wengi

Habari zilienea haraka. Wenye viwanda wa Ujerumani, Uingereza, Ufaransa, Uswisi na Denmark walinunua haki za kutengeneza injini hiyo. Adolphus Busch, tajiri wa bia nchini Marekani, alilipa marki milioni 1 kwa haki za nchi yake. Ndani ya muda mfupi mtoto wa fundi wa vitabu akawa milionea, akajenga nyumba ya kifahari mjini Munich.

Hata hivyo, matatizo yalikuja pamoja na fedha. Injini za kwanza zilizouzwa ziliharibika mara kwa mara, na wanunuzi wakazirudisha. Kiwanda kilichoanzishwa Augsburg kutengeneza injini hizo kilishindwa. Baadhi ya wataalamu walidai kuwa injini iliyofanya kazi haikuwa sawa na ile aliyoiandikia hataza, na kwamba wengine walitangulia na mawazo ya aina hiyo. Palikuwa na ukweli kidogo katika hoja ya kwanza. Hesabu za mwanzo za Diesel zilidai mgandamizo mkubwa kuliko chuma cha wakati ule kilivyoweza kustahimili, naye alilazimika kubadili mpango kazini. Kesi na mabishano yalimchosha, na mwaka 1898 afya yake ilianguka kwa uchovu.

Kosa kubwa zaidi alilifanya nje ya karakana. Diesel alikuwa bingwa wa joto na chuma, lakini katika biashara alikuwa mwepesi kuamini. Aliweka fedha nyingi katika viwanja na miradi asiyoifahamu vizuri. Thamani ikashuka, madeni yakabaki. Kwa nje aliendelea kuishi kama tajiri, na kwa miaka mingi hata familia yake haikujua hali halisi.

Kulikuwa pia na uchungu wa aina nyingine. Diesel alitamani injini yake iwasaidie mafundi wadogo, washonaji, maseremala na wenye karakana za mitaani, wapate nguvu ya mashine bila kuwa na tanuru kubwa la mvuke. Mwaka 1903 aliandika kitabu juu ya wafanyakazi kuungana na kumiliki viwanda kwa pamoja. Kitabu kile hakikupata wasomaji. Injini nayo ikatoka nzito na ghali, ikaenda kwanza kwa wenye viwanda vikubwa na wenye meli.

Mafuta ya karanga mjini Paris

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900 injini ya Diesel ilipata tuzo kuu. Jambo ambalo wageni wengi hawakuligundua ni kwamba moja ya injini zilizokuwa zikifanya kazi pale ilikuwa ikitumia mafuta ya karanga. Injini hiyo ndogo ilitengenezwa na kampuni ya Kifaransa. Diesel alieleza baadaye kwamba wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilistawi ilhali makaa na petroli vililetwa kwa meli kwa gharama kubwa. Injini ilikuwa imetengenezwa kwa mafuta ya madini, lakini ilikubali ya karanga bila kubadilishwa chochote.

Diesel mwenyewe alifanya majaribio zaidi baadaye, na mwaka 1912 alisema hadharani kwamba ingawa mafuta ya mimea yalionekana kuwa jambo dogo wakati ule, yangeweza siku moja kuwa na umuhimu kama wa petroli. Kwa mtazamo wake, nchi yenye kilimo ingeweza kupata nguvu za mashine kutoka shambani mwake yenyewe.

Mafuta ya madini yalikuwa rahisi, na wazo hilo likalala. Halikufa. Mwaka 1937 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipata hataza ya Ubelgiji ya kuyabadilisha mafuta ya mimea kwa kuyachanganya na spiriti ili yafae zaidi kwa injini. Mwaka uliofuata basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta ya mawese yaliyotayarishwa kwa njia hiyo. Mawese hayo yalitoka Kongo. Hayo ndiyo yanayoitwa leo biodizeli.

Wanafunzi na gari kuukuu

Tatizo la mafuta ya mimea ni uzito wake. Ni mazito zaidi ya mara 10 kuliko dizeli ya kawaida, hivyo hayapulizwi vizuri na nozeli, huacha masizi kwenye silinda na hugandisha pistoni. Wanafunzi wanaobadilisha magari hutumia moja ya njia mbili.

Ya kwanza ni kubadilisha gari. Hufungwa tanki la pili na bomba linalopitisha maji ya moto ya rejeta ili kuyapasha mafuta. Gari huwashwa kwa dizeli, injini ikishapata moto dereva hugeuza swichi na kutumia mafuta ya mimea, kisha kabla ya kuzima hurudi kwenye dizeli ili kusafisha pampu na nozeli.

Ya pili ni kubadilisha mafuta yenyewe. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au samaki huchujwa, huondolewa maji, kisha huchanganywa na methanoli na magadi makali ya viwandani. Kwa kila lita 100 za mafuta hutumika methanoli kiasi cha lita 20. Baada ya saa kadhaa glisarini hutuama chini na biodizeli nyepesi hubaki juu, ambayo husafishwa kwa maji na kukaushwa. Methanoli ni sumu na hushika moto upesi, na magadi yale huunguza ngozi, kwa hiyo si kazi ya kufanywa jikoni.

Mwenye lori anapaswa kujua na upande wa pili. Biodizeli ina nishati pungufu kidogo kuliko dizeli, kwa hiyo gari hula zaidi kwa safari ile ile. Huosha uchafu wa miaka uliotuama kwenye tanki na kuupeleka kwenye filta, hivyo filta za mwanzo huziba upesi. Hulainisha mipira ya zamani ya mabomba. Injini mpya zenye pampu za mgandamizo mkubwa hazivumilii mafuta yaliyotengenezwa ovyo. Ndiyo maana mahali pengi huuzwa ikiwa imechanganywa na dizeli, kwa mfano sehemu 5 au 20 katika 100.

Ukanda huu nao umepata somo lake. Katika miaka ya 2000 zilikuja ahadi kubwa za mibono ya mafuta. Maeneo makubwa ya ardhi yalitolewa Kisarawe na Kilwa nchini Tanzania, lakini miradi ile ilisimama ndani ya miaka michache, na wanavijiji wakabaki na maswali juu ya ardhi yao. Kuwaka kwa mafuta ndani ya injini ni jambo moja, na hesabu ya shamba, mavuno na soko ni jambo jingine. Diesel aliijua ya kwanza vizuri, na ile ya pili ndiyo iliyomwangusha.

Usiku wa mwisho

Kufikia mwaka 1912 ushindi wa injini yake ulikuwa wazi. Mwaka huo meli ya Kidenishi iitwayo Selandia ilisafiri kutoka Ulaya hadi Bangkok kwa injini za dizeli, bila mafundi wa kutia makaa. Majeshi ya majini ya Ulaya yalizitaka injini hizo kwa nyambizi. Diesel alialikwa Marekani na kupokewa kwa heshima kubwa, huku nyumbani madeni yakimkaba.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden mjini Antwerp kuelekea Harwich, Uingereza, kwa shughuli za kampuni ya kutengeneza injini zake. Alikula chakula cha jioni na wenzake wawili, wakazungumza, na kwenye saa 4 usiku akaagana nao na kuomba aamshwe alfajiri. Asubuhi chumba chake kilikutwa kitupu, kitanda hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa vimewekwa vizuri kando ya ukingo wa meli.

Siku kama 10 baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini. Walichukua vitu vilivyokuwa mfukoni na kuuacha mwili majini, na mwanawe Eugen akavitambua vitu vile kuwa vya baba yake. Katika shajara yake tarehe ile ilikuwa imewekewa alama ya msalaba. Kabla ya safari alikuwa amemwachia mkewe begi, akimwomba asilifungue mara moja. Ndani yake zilikuwamo marki 20,000 na hati zilizoonyesha kwamba akaunti za benki zilikuwa karibu tupu.

Wapo waliosema aliuawa na watu wa biashara ya mafuta, wengine wakasema ni watu wa vita. Hakuna kilichothibitishwa kamwe. Waliomfahamu wengi waliona kwamba alishindwa kuubeba mzigo wa madeni na aibu.

Barabarani baada yake

Diesel hakuliona lori hata moja la dizeli likiuzwa. Injini za maisha yake zilikuwa nzito mno kwa barabara. Malori ya kwanza ya Benz na MAN yalitokea Ujerumani mwaka 1923 na 1924, na pampu ya mafuta ya Robert Bosch, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927, ndiyo iliyoifanya injini hiyo kuwa nyepesi na ya kutegemewa. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ilianza moja kwa moja na vichwa vya treni vya dizeli.

Mfano mzuri zaidi umo katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913, mwaka ule ule aliopotea Diesel, kiwanda kimoja cha Papenburg, Ujerumani, kilitengeneza meli na kuifungua vipande vipande kwa ajili ya kuipeleka Kigoma. Ilikuwa ya mvuke. Ndiyo inayojulikana leo kwa jina la MV Liemba, ambayo kwa miaka mingi ilibeba wafanyabiashara na mizigo yao kati ya Kigoma na Mpulungu. Ilizamishwa wakati wa vita, ikaopolewa, ikarudi kazini, na katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ikaondolewa na kufungwa injini za dizeli.

Hivyo injini ya mtu aliyezama katika Bahari ya Kaskazini ilikuja kuisukuma meli iliyozama na kuibuka katika ziwa la Afrika. Diesel hakuacha mali. Aliacha njia ya kuokoa mafuta ambayo kila msafirishaji huipigia hesabu kabla ya kupanga nauli, na swali ambalo bado wanafunzi wanalifanyia kazi katika karakana za vyuo: kama injini ile ilikubali karanga mwaka 1900, kwa nini nchi zenye mashamba ziendelee kungoja kila tone kutoka kwenye meli?